Alama Niliyoifuta

Wiki iliyopita mliniacha nimekalia begi langu la raketi nje ya uwanja, nimefungwa na mama wa miaka thelathini na minne mwenye bandeji gotini, aliyekuwa akipiga miayo kati ya pointi na pointi. Najua mlicheka. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwenzangu.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mimi ndiye yule binti aliyekuwa wa kwanza kwa wasichana wa chini ya miaka kumi na minane, miaka miwili mfululizo. Picha yangu ilitundikwa ukutani klabuni. Kisha nikatimiza umri, nikatolewa kwa watoto, na tangu siku hiyo kwa wakubwa sijaonja kitu. Mashindano ya kwanza nilifika robo saa baada ya orodha kufungwa. Ya pili, mimi nilishukia mji mmoja na raketi zangu zikashukia mwingine. Ya tatu ndiyo hayo ya miayo.

Nilichokuwa nakihangaikia ni pointi moja. Pointi moja ya wakubwa, ile inayoliweka jina lako kwenye orodha ya dunia hata kama ni mkiani kabisa. Usipokuwa nayo, kila unapoomba kuingia mashindanoni wanakuuliza wewe ni nani. Ukiwa nayo wanakuuliza unafika lini.

Basi safari hii mashindano ya wakubwa yakaja klabuni kwetu wenyewe, na kamati ikanipa nafasi ya kucheza mchujo.

"Ni mara moja tu," katibu aliniambia. "Mwakani nafasi hii ni ya binti anayekuja nyuma yako. Na yuko nyuma yako kweli, usigeuke utamkanyaga."

Mchujo ni michezo mitatu. Ukishinda yote unaingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe, na ukishinda mmoja huko, pointi yako hiyo.

Nikashinda wa kwanza. Nikashinda wa pili. Nikaanza kulala vizuri, jambo ambalo lingepaswa kunitisha.

Nasema "klabuni kwetu" kwa mdomo mpana kama mwanachama. Ukweli ni kwamba mimi ni mtoto wa mtunza viwanja. Baba ndiye anayemwagilia maji, anayefagia, anayepaka mistari chokaa. Viwanja vyetu ni vya unga wa matofali, vyekundu, na kila mpira unapodunda unaacha alama yake kama yai lililolala. Raketi yangu ya kwanza ilikuwa imevunjika mpini. Baba akaukata, akaufunga kamba, ikabaki fupi kama mwiko wa jikoni. Mwiko ndilo jina langu hadi leo, na hata mwamuzi wa mchujo nusura aliandike kwenye karatasi yake.

Baba alinifundisha kufuta alama, ili ya zamani isichanganywe na mpya, kabla ya kunifundisha kushika raketi.

"Futa kwa mguu wa kushoto," alikuwa akisema. "Wa kulia ndio unaokusukuma ukisevu. Usiuchoshe kwa kazi ya ufagio."

Nikazoea hivyo mpaka ikawa ugonjwa. Nikisimama foleni dukani, mguu wa kushoto unafagia sakafu wenyewe. Kiatu cha kushoto hakijawahi kumaliza mwezi sawa na mwenzake. Shangazi yangu husema siku ya harusi yangu wageni wataondoka na vumbi, maana bibi harusi atakuwa anafagia.

Na jambo jingine kuhusu Baba, lishikeni. Jumamosi wanachama wanapogombania mpira, watu wazima wenye vyeo na vitambi, mwisho wa kelele zote mmoja husema, "Mwiteni mzee." Baba anakuja na ufagio wake, anainamia alama, anasema "ndani" au "nje", anaondoka. Habishiwi. Mwenyekiti wa klabu aliwahi kunyimwa mpira na Baba mbele ya wakwe zake, akaguna tu, akarudi kuchukua raketi.

Sasa mchezo wa tatu.

Niliyecheza naye ni binti anayepiga kwa mkono wa kushoto, nasi tulimwita Mashoto. Kocha wake tulimpa jina la Miwani kwa sababu huvaa miwani myeusi hata akiwa chooni, nasema kwa ushahidi. Kwenye mchujo Miwani alikuwa na mabinti wawili: huyu Mashoto, na mwingine aliyekuwa anacheza uwanja wa jirani saa ileile na kufungwa.

Seti ya kwanza yangu, ya pili yake. Ya tatu kwenye mchujo haichezwi nzima. Mnagombea pointi kumi tu, anayetangulia kwa tofauti ya mbili ameshinda.

Nyuma ya wavu wa uzio nyumba yangu nzima ilikuwa imehamia. Mama ni msusi, kazi yake hufanyia sebuleni, na siku ile alifunga kazi akaja na wateja wake. Mmoja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama ameona jambo.

"Mwiko, malizana naye mwanangu," alipiga kelele yule wa nusu kichwa, "nirudi nikamaliziwe."

Tisa kwa nane. Mimi ndiye mwenye tisa.

Nikasevu. Mashoto akarudisha mrefu, mpira ukaja kudunda nyuma yangu, karibu na mstari wa mwisho. Mwamuzi juu ya kiti chake akasema, "Nje."

Kumi kwa nane. Nimeshinda. Nimeingia droo kuu. Shangazi alikwisha kupiga vigelegele kabla mpira haujaacha kuviringika.

Mashoto akaja mbio hadi kwenye wavu. "Mwamuzi, naomba alama iangaliwe."

Ni haki yake. Mwamuzi akaanza kushuka ngazi, taratibu, mtu mnene. Mimi nikageuka kuitazama alama.

Mguu ukapita juu yake.

Mwamuzi alipofika alikuta pametandikwa vizuri kama kitanda cha mgeni.

"Alama iko wapi, binti?"

"Imefutika."

"Nani ameifuta?"

Jibu halikuhitajika, maana watu mia walikuwa wanatazama miguu yangu.

"Aliyefuta alama kabla mwamuzi hajaikagua amekubali mpira ulikuwa ndani," akasema. "Pointi kwa mpinzani. Tisa kwa tisa."

Kwa vijana, nilikotoka, alama ikipotea mnarudia pointi, mnacheka, mnaendelea. Kwa wakubwa aliyefuta amepoteza. Kocha wangu aliniambia habari hiyo mwezi mzima uliopita, ndani ya gari lake, nami wakati ule nilikuwa namhadithia nani kaachana na nani pale klabuni. Sikusikia hata neno.

Pointi mbili zilizofuata sikumbuki nilizicheza kwa mkono gani. Tisa kwa kumi na moja. Mashoto akanipa mkono bila kunitazama.

Nikavua viatu pembeni ya uwanja kama kawaida, nikamwachia Baba. Ni desturi yetu: kila baada ya mchezo yeye huvichukua viatu vyangu, huvikung'uta unga palepale, maana husema udongo wa klabu ubaki klabu, kisha huvisugua kwa burashi na kuvileta nyumbani. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya uwanja na ufagio wake, hatua nne kutoka kwangu. Akavipokea, akavitia kwenye mfuko wake wa viatu bila kuvikung'uta. Nikarudi nyumbani kwa kandambili.

Saa saba sebule yetu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mimi napenda nyumba iliyojaa, sitadanganya, lakini siku ile kila mtu alikuja na swali lilelile.

"Kwa nini uliifuta?" Mama aliuliza, kitana mkononi, akiendelea na ile nusu ya kichwa.

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno Shangazi akanijibia.

"Atakosaje kufuta? Huyu kafagia viwanja tangu anatambaa. Mguu wake si wake, ni wa baba yake. Hata akilala anafagia, mimi nimelala naye kitanda kimoja, nina alama za kucha zake kwenye muundi."

Wakacheka. Yule mteja akasema, "Jamani, mazoea."

"Mazoea," nikasema.

Nikapenda lilivyosikika. Nikalirudia kwa aliyekuwa mlangoni, nikaliongezea chumvi kwa aliyekuja baadaye, na ilipofika saa nane nilikuwa naonyesha kwa vitendo katikati ya sebule jinsi mguu ulivyojiendea. Watu walishika mbavu. Hata aibu ya kufungwa ilianza kupungua makali.

Simu ikalia. Kocha wangu.

"Umekaa?"

"Nimesimama, nawaonyesha watu."

"Kaa. Mchezaji mmoja wa droo kuu kateguka kifundo cha mguu, kajitoa. Nafasi yake inapewa mmoja wa waliofungwa mchezo wa mwisho wa mchujo. Wametia majina kwenye kofia. La kwanza kutoka ni lako."

Nikakaa. Nikakalia hina ya mtu.

"Mwiko, unanisikia? Umeingia droo kuu. Kesho saa nne unacheza."

Siwezi kuwaeleza kelele iliyopigwa mle ndani. Mama aliachia kichwa cha mteja kikiwa kimeinamishwa, na mteja mwenyewe akacheza hivyohivyo, shingo upande. Shangazi alitoka nje kuwatangazia majirani, ambao walikuwa wote humo ndani, akalazimika kurudi.

Raha hiyo ilidumu dakika kumi na tano. Nilitazama saa baadaye, kwa hasira, kujua nilipewa kiasi gani.

Kocha aliingia mwenyewe, jasho limemtoka, akaomba maji kabla ya salamu.

"Miwani amepeleka malalamiko," akasema.

"Malalamiko gani, na binti yake kashinda?" Mama akauliza.

"Ana wa pili, yule aliyefungwa uwanja wa jirani. Jina lake ndilo la pili kutoka kwenye kofia. Mwiko akiondolewa, yeye anaingia."

"Kumbe," akasema Shangazi. "Mimi ile miwani sikuipenda tangu siku ya kwanza."

Kocha akanigeukia. "Anadai ulifuta makusudi ili kuficha alama. Msimamizi wa mashindano, yule mama mrefu, kanieleza waziwazi. Kama ni mazoea, umeshaadhibiwa kwa ile pointi, basi, nafasi ni yako. Kama ni makusudi, ni udanganyifu. Unaondolewa na jina linapelekwa chama cha tenisi, hukanyagi uwanja wa mashindano mwaka mzima."

"Ni mazoea," akasema Shangazi. "Sote hapa tutakwenda kusema."

"Hawataki ninyi. Wanataka mtu mmoja. Miwani mwenyewe ndiye aliyemtaja." Kocha akanywa maji yote. "Kasema, mwiteni mtunza viwanja. Alikuwa karibu kuliko wote, na klabu nzima inajua mzee yule kwenye alama hasemi uongo, hata awe nani. Saa kumi na moja anaingia ofisini kwa msimamizi."

Sebule ikachangamka upya. Walipiga makofi. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha: shahidi ni baba, na baba anajua mguu wa mwanawe.

"Miwani kajichimbia mwenyewe," Mama akasema, akarudisha kitana kichwani kwa mtu.

Mimi nikaomba maji pia.

Baba alifika saa kumi na robo. Alipita pembeni ya watu, akaitikia salamu moja kwa wote, akaniita kwa kidole. Nikamfuata uani, penye bomba. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkononi alikuwa na ule mfuko wake wa viatu.

"Umewaambia nini watu wa humo ndani?"

"Kwamba ni mazoea, Baba."

"Mazoea."

"Ndiyo."

Akatoa kiatu cha kushoto, akakiweka sakafuni. Kilikuwa chekundu kama kinavyokuwa siku zote, vumbi juu, vumbi chini, soli imelika upande wa ndani. Kisha akatoa cha kulia, akakiweka kando ya mwenzake.

Mbele, kuanzia kidole gumba hadi kwenye kamba, kilikuwa na doa refu jeupe.

"Mistari nimeipaka alfajiri," akasema. "Chokaa ilikuwa haijakauka vizuri, nikamwambia katibu, akasema wacheze tu." Akaugusa ule weupe kwa kidole, akanionyesha. "Ukifuta alama iliyo nje ya mstari, hugusi chokaa. Huna sababu ya kuigusa."

Nikauficha mguu wa kulia nyuma ya mwenzake.

"Hilo la kwanza. La pili, mimi nimekufundisha kufuta kwa mguu upi?"

Sasa nawaambieni ninyi, maana sikuweza kumwambia yeye.

Nilipogeuka nilikuta alama imelamba mstari. Si sana. Upana wa ukucha. Mpira ulikuwa ndani, mwamuzi amekosea, na mtu mnene anashuka ngazi kuja kugundua. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto, kama nilivyozoezwa na michezo ya watoto: alama ikipotea, baya zaidi ni kurudia pointi. Mguu wa kushoto ulikuwa umenibeba, nimeuegemea kwa uzito wote. Mguu wa mazoea ulikuwa umesimama kimya. Ule wa kulia niliutuma mimi.

"Baba," nikasema, "ilikuwa pointi moja tu. Miaka yote ile. Nimeamka nawe kabla ya jua tangu niko na meno ya utotoni. Pointi moja."

"Najua."

"Na mwamuzi ndiye aliyesema nje. Si mimi."

"Nimesikia."

"Na Miwani hajali ukweli, anamtafutia binti yake nafasi."

"Hilo nalo najua. Sijaitwa kusema habari za Miwani."

Alisema bila hasira. Afadhali angenifokea, ningepata pa kushika.

"Msimamizi hajui habari za miguu yako," akaendelea. "Kocha wako hajui. Mama yako nadhani hajawahi kuangalia. Tunaojua ni mimi na wewe. Nikiingia pale nikasema ni mazoea, wataniamini, na kesho saa nne utacheza. Nina miaka ishirini na mmoja pale, mwanangu. Sina cheo, sina ofisi, nina banda la mafagio. Lakini nikisema ndani, ni ndani."

"Kwa hiyo utasema nini?"

Akaingiza mkono mfukoni mwa suruali, akatoa ile burashi yake, ya mbao, iliyolika nywele upande mmoja.

"Viatu nakwenda navyo. Msimamizi kavitaka, Miwani ndiye aliyemshauri. Kila mara navisugua mimi. Leo mkono wangu haukwenda." Akanipa burashi, akanifunga vidole juu yake kama siku ile aliponishikisha mwiko wangu wa kwanza. "Navichukua kama nitakavyovikuta. Saa kumi na moja kasorobo naondoka. Nakwenda kuosha uso."

Akasimama, goti likamlilia, akaenda bombani.

Nikabaki na viatu miguuni pangu na burashi mkononi. Ile chokaa ingetoka kwa kusugua mara tatu, au nne. Nilikuwa naisikia saa ya ukutani kutoka sebuleni, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile watu walikuwa wamepunguza sauti.

Kisha Shangazi akaita, mgeni mpya amefika.

"Mwiko, njoo umwonyeshe jirani unavyofagia. Haamini."

"Njoo basi," Mama naye akaitikia, "mara moja tu, akuone."

Baba aligeuka, maji yanamdondoka kidevuni, akatazama chini. Nami nikatazama chini.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza, wenyewe, unafagia sakafu ya uani.